Mambo Tuliyoyaona Kandokando ya Bwawa

Mwezi wa Julai nyanda za Kinangop hufunikwa na ukungu mzito, hata mtu asiweze kumtambua jirani yake aliye ng'ambo ya shamba. Asubuhi moja ya namna hiyo nilimzuru mjomba wangu, nikamkuta amejaa huzuni. Kondoo wake wawili walikuwa wamekufa, na wa tatu amekonda na kuvimba chini ya taya.

"Ni yule bundi," akaniambia. "Kila usiku hulia juu ya mti ulio kando ya bwawa. Leo nitaukata."

Nikamsihi tulizunguke bwawa kwanza, ndipo atwae shoka.

Kwenye matete tuliona ganda jembamba la mdudu, limeng'ang'ania tete, mgongo umepasuka, na ndani hamna kitu. Mjomba akadhani ameliwa na buibui. Kumbe sivyo. Kereng'ende akiwa mchanga huishi majini, akila viluwiluwi vya mbu. Akikomaa hupanda juu ya tete, huipasua ngozi yake, akaruka. Ganda lile ni nguo kuukuu aliyoivua.

Chini ya mti wa bundi tuliokota vidonge vya kijivu, kila kimoja kama kidole gumba. Mjomba alirudi nyuma akihofu uchawi. Nikakivunja kimoja kwa kijiti, na ndani yake mlikuwa na manyoya na mafuvu mawili ya panya. Bundi humeza panya mzima. Nyama husagika tumboni, na manyoya na mifupa huitapika. Tulivunja vidonge vyote, tukahesabu mafuvu 12.

Mjomba akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi huyu analinda viazi vyangu."

"Na kondoo je?" nikamwuliza.

Tulipofika mahali kondoo wanapokunywa maji, tulikuta konokono wadogo kuliko ukucha, wametapakaa topeni. Ndani ya konokono wa namna hiyo hukulia mdudu wa ini, aliye bapa kama jani. Mayai yake hutoka pamoja na mavi ya kondoo, huanguliwa majini, na watoto huingia ndani ya konokono. Baadaye hutoka, wakajibandika kwenye majani ya ukingoni, na kondoo huyala.

Kwa kuwa macho matupu hayatoshi kuthibitisha ugonjwa, nilimshauri apeleke mavi ya yule mgonjwa kwa daktari wa mifugo. Mayai ya mdudu yakaonekana humo. Kondoo alipewa dawa, akapona. Sasa ukingo wa bwawa umezungushiwa ua, na maji ya mifugo huchotwa na kumiminwa horini, mahali pakavu.

Ndugu msomaji, adui wa mjomba hakuwa yule aliyelia usiku, bali yule aliyenyamaza topeni. Mti ule ungali umesimama, na bundi angali analia.