Taa za Tela na Waya wa Kurudi



Juma hili tunaomba mtuvumilie tuzungumzie nyaya. Wengi wenu mnalifahamu tela la parokia, lile la magurudumu mawili lililochomelewa na mafundi wa hapa hapa Sanya Juu, ambalo hufungwa nyuma ya gari kubebea mahindi, viti vya harusi, tangi la maji na, ikibidi, jeneza. Tela hilo liliugua taa kwa miezi kadhaa, na ugonjwa wenyewe tumeuona katika matela mengine mengi yapitayo barabara ya kutoka Boma Ng'ombe kuja kwetu na kuendelea hadi Ng'arenairobi.

Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja wa bodaboda. Ilikuwa jioni ya mwezi Julai, na ninyi mnaujua ukungu wetu wa Julai unavyoshuka kabla hata jua halijazama. Alitufuata hadi nyumba ya mapadre, pikipiki yake ikiwa na matope ya mtaroni, na nyuma yake amekaa mama mmoja na mtoto mgongoni. “Tumsifu Yesu Kristo, Baba,” alisema. “Mlipokata kulia, tela liliwasha taa za pande zote mbili, hafifu, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikajua mmeharibikiwa na mmesimama. Nikatoka kulia niwapite.” Mtaro ndio uliowaokoa wote watatu.

Tuliona ajabu, kwa maana taa zile zilikuwa zimetoka kwa fundi majuma mawili kabla, na balbu zote zilikuwa mpya. Lakini hapo ndipo penye fumbo lenyewe. Taa ya tela isipofanya kazi, watu wengi hukimbilia balbu, na duka la vipuri huwauzia kwa furaha. Balbu iliyoungua kweli ni rahisi kuitambua: taa moja huzima kabisa, nyingine hubaki na nguvu zake. Taa zinapoanza kuiga nyingine, hii ikiwaka ile nayo ikipepesa, balbu haina hatia.

Tueleze kidogo. Umeme wa gari hutoka kwenye betri, huenda hadi kwenye taa, kisha ni lazima urudi betri. Katika tela kila taa ina waya wake wa kuleta umeme, lakini kwa kurudi taa zote hutumia njia moja: bodi ya chuma ya tela, kisha waya mmoja unaopita kwenye plagi hadi garini. Mafundi wetu huuita ethi. Waya huo ukikatika, au ukishika kutu, umeme wa indiketa ya kulia hufika kwenye bodi na kukosa pa kutokea. Basi hupanda kinyumenyume katika balbu ya kushoto, ukatoka kwa waya wa balbu hiyo, na kurudi garini kupitia taa za gari lenyewe. Umeme uliopaswa kuwasha balbu moja unagawanywa kwa kadhaa, na hakuna hata moja inayopata volti 12 zake. Kwa sababu hiyohiyo, ukikanyaga breki, taa zinazoonekana ni hafifu. Balbu ya nyuma yenye nyuzi mbili kwa kawaida ina wati 5 za kuonyesha tela lilipo na wati 21 za breki. Tofauti hiyo ndiyo anayoisoma aliye nyuma yako katika ukungu, na ethi mbovu huifuta.

Ugumu ni kwamba ugonjwa huu hujificha. Tela likiwa limesimama, ndoano ya kuvutia huigusa gari chuma kwa chuma na umeme hurudi kwa njia hiyo, hivyo kwa fundi kila kitu huwaka vizuri. Ukiingia kwenye matuta, ndoano inacheza, ina grisi na vumbi la uwanda wa Sanya, na njia inakatika. Seminarini tulifundishwa mantiki kwa miaka, lakini hatukumbuki mfano uliotufaa kuliko huu.

Safari hii tulimwita mzee mmoja fundi wa umeme wa magari. Hakugusa balbu. Alichukua waya mrefu, akafunga ncha moja kwenye hasi ya betri na ncha nyingine akaibana kwenye chuma cha tela kilichosuguliwa msasa, akatuomba tuwashe indiketa. Taa ya kulia ikapepesa peke yake, ikiwa na nguvu zake zote. Kazi nzima ya kutambua ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Kisha akafungua plagi: waya wa ethi ulikuwa umeoza na kuwa unga wa kijani ndani ya ganda lake, ingawa nje ulionekana mzima.

Mwenye kutaka kujifanyia mwenyewe asiamini sana rangi. Katika plagi ya pini saba ya mtindo wa Ulaya, ethi ni waya mweupe kwenye pini namba 3, wa njano ni indiketa ya kushoto, wa kijani ni ya kulia, mwekundu ni breki. Lakini ndani ya magari ya Kijerumani ethi huwa ya kahawia, na katika plagi hiyo hiyo ya pini saba waya wa kahawia ni taa ya nyuma ya kulia. Aidha, mafundi wengi huunga waya wowote uliopatikana. Pima kwa balbu ndogo yenye nyaya mbili. Na tela la pikapu ya volti 12 lisifungwe kwenye lori la volti 24, kwani balbu zitaungua papo hapo. Kama fyuzi inakatika kila mara, hiyo ni habari nyingine: tafuteni mahali waya umechunika ukagusa bodi.

Tunayasema haya tukijua kwamba matela mengi ya matrekta yanayoshusha mahindi na viazi msimu wa mavuno hayana taa kabisa, wala hata kipande cha kiakisi mwanga. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na giza huingia kila siku karibu saa moja jioni.

Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi mzee fundi atakuwa uwanjani na waya wake mrefu. Mwenye tela alilete likiwa limefungwa kwenye gari au trekta lilelile linalolivuta, kwa kuwa soketi nayo itapimwa. Msasa na grisi vipo. Waya mpya kila mtu aje na wake.