Mashine Haina Adabu ya Tanga

Mzee mmoja wa Msambweni alilijua dau lake kwa harufu: sifa ya papa mbaoni, pamba mpya nyufani baada ya kukalafati. Alipoliuza akanunua boti ya faiba yenye mashine, harufu iligeuka petroli, na mwalimu akawa mwanawe. Jambo zito hilo kwa nahodha.

“Baba, oili haikisiwi. Lita 1 kwa lita 50 za petroli.”

Akakisia. Kusi ya Juni ikawakuta nje ya mwamba, mashine imezimika, mawimbi yakiwasukuma kwenye matumbawe. Tanga hapakuwa. Mzee akatupa nanga. Ikaburuta, kisha ikanasa. Kijana akafungua plagi, zimelowa oili nyeusi, akazifuta kwa kikoi cha babake, akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Ikanguruma.

Njiani hakuna aliyesema neno.

Siku hizi mzee hupima oili kwa chupa yenye alama. Kila jioni mashine husukutuliwa kwa maji ya kisima, kwani chumvi huila kwa ndani. Kiangazi maji hayo hununuliwa, na hapo ndipo mkewe huuliza kama mashine nayo ina kiu.