Dallas Yaishia Wapi, Houston Yaanzia Wapi?

Jamaa zetu wa Unguja, Mombasa au Bukavu wakiulizwa mtoto wao anakaa wapi Marekani, hujibu kwa neno moja: Dallas. Huenda mtoto huyo yuko Denton, au Mansfield, au Garland, na pengine mwezi mzima humpita asiuone mji wenyewe wa Dallas. Kwa walio mbali hilo halina uzito. Lakini sisi tuishio huku tumeukuta ugomvi wa wenyeji juu ya mipaka ya nchi yao, nao ni mkongwe kutushinda sote, na kidogo kidogo tumeanza kuuingia.

Maarufu zaidi ni ule wa Dallas na Fort Worth. Miji hii imeachana kwa maili 30 na kidogo, na baina yake majengo yamejaa, hata mgeni hajui ametoka upi akaingia upi. Hata hivyo, ukimwambia mtu wa Fort Worth kuwa yeye ni wa Dallas, umemtukana. Mji wake hujiita mahali inapoanzia Magharibi, nchi ya ng'ombe na wapanda farasi. Dallas machoni pake ni mji wa mabenki na maduka, ulioupa uso upande wa mashariki. Aliyeyavumisha zaidi maneno hayo ni Amon Carter, mwenye gazeti la Star-Telegram, aliyefariki mwaka 1955. Inasimuliwa kwamba alipolazimika kwenda Dallas alichukua chakula chake katika mfuko wa karatasi, asije akaacha senti yake kule. Ikiwa kisa hicho kimetiwa chumvi, wenyeji hawajali; wanakipenda kilivyo.

Uhasama huo uligharimu fedha nyingi. Kila mji uling'ang'ania uwanja wake wa ndege, mpaka mwaka 1964 Serikali ya Washington ikawapa siku 180 wapatane juu ya uwanja mmoja. Waliujenga katikati, ukafunguliwa mwaka 1974, na majina yote mawili yakatiwa katika jina lake. Miaka hiyo hiyo ya 1970 likabuniwa neno Metroplex ili kuifunika miji yote pamoja. Ajabu zaidi ni timu ya Dallas Cowboys, ambayo haijawa na uwanja wake ndani ya Dallas tangu mwaka 1971: ilihamia Irving, na tangu 2009 iko Arlington.

Hata neno kaskazini lina ubishi wake. Jumuiya ya Kiislamu iliyoko Richardson, yenye msikiti ambao wengi wetu twaujua, hujiita ya Texas ya Kaskazini, na chuo kikuu kilichoko Denton vivyo hivyo. Ukitazama ramani utaona kuwa Amarillo iko juu zaidi sana. Lakini mtu wa Amarillo hajihesabu kuwa wa Kaskazini, bali wa Mpini wa Kikaango, kwa jinsi ramani ya Texas ilivyochongoka kule.

Wala sisi hatuna haki ya kuwacheka. Unguja tuna Darajani pasipo na daraja. Mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na upande wa pili ulifukiwa zamani, watu wanapita kwa miguu mikavu, na Ng'ambo bado ni Ng'ambo. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalimpimia Sultani mwambao wa maili kumi kutoka baharini, kana kwamba Uswahili unapimwa kwa kamba. Na hadi leo watu wabishana Pwani yaishia wapi na Bara yaanzia wapi.

Huku ubishi umeingia mpaka katika ibada. Safari ya Houston kwa barabara ya I-45 ni maili 240 hivi, na hapana anayeshuku kuwa ni safari. Swali ni wapi msafiri aanze kupunguza Sala. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema aanze akishayapita majengo ya mji wake, na miji iliyoshikana majengo huhesabiwa kuwa mmoja. Basi mtu wa Lewisville, mji wake ni upi? Wako wasemao mpaka ni kibao cha barabarani kinachotaja mwisho wa Lewisville. Wengine husema hapana, aivuke Dallas yote kwanza, ayapite maghala ya Hutchins na Wilmer, mpaka mashamba yaonekane pande za Ferris. Sisi twaiona kauli hii ya pili kuwa na nguvu zaidi, kwani kabla ya hapo jicho halioni ukomo wowote. Lakini ukurasa huu si kiti cha fatwa, naye imamu yupo wa kuulizwa.

Baada ya hapo njia huwa nyepesi: Corsicana, Buffalo, kisha misitu ya misonobari ya Huntsville, iliko sanamu nyeupe ya Sam Houston, futi 67 kwa urefu, iliyokamilishwa mwaka 1994. Watoto wakiiona hupiga kelele kuwa tumefika, hali ya kuwa zimesalia maili 70.

Houston haina jirani wa kiasi chake wa kugombana naye, kwa hiyo hugombana na nafsi yake. Walio ndani ya Loop 610, duara la barabara la maili 38, husema kilicho nje yake si Houston. Walio nje huusogeza mpaka hadi Beltway 8, duara la maili 88, na sasa iko Grand Parkway, mbali zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1996 Houston iliutia mtaa wa Kingwood ndani ya mipaka yake, na wakazi wake walikuwa wameupinga uamuzi huo hadi mahakamani. Na kinyume chake, wako wengi ambao barua zao huandikwa Houston, nao hawamo katika mji wowote: wako katika ardhi ya kaunti ya Harris tu, na meya wa Houston hawampigii kura.

Hapa familia ziwe macho. Wilaya za shule za Texas hazifuati mipaka ya miji. Nyumba yaweza kuwa Houston na shule yake ikawa ya Alief. Yaweza kuwa Dallas na shule ikawa ya Richardson au Plano. Kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba, ipelekeni anwani kamili katika ofisi ya wilaya ya shule mkaulize. Msitosheke na neno la wakala.

Lakini linalotuuma zaidi ni vyama vyetu vya kuzikana. Mwaka huu mmoja wetu alifiwa upande wa Fort Worth, na waliotoka Dallas kwenda kuzika walihesabika kwa vidole. Walipoulizwa, walijibu, "Ule si upande wetu." Watu hao hao kwao walivuka bahari kwa jahazi kwenda kumzika jamaa ya jirani.

Kikao kikaitishwa ili kuamua chama kinawajibika hadi wapi. Mjumbe mmoja alipendekeza mpaka uwe mwendo wa saa moja kwa gari. Mama mmoja akamwuliza: saa moja ya alfajiri, au saa moja ya msongamano wa jioni? Watu wakacheka, na kikao kikafungwa bila ya uamuzi. Kijacho kitakuwa Arlington, mahali ambapo pande zote mbili zimekwisha kulalamika kuwa ni mbali.