Kutikisa mguu kikaoni si dharau

Kikao cha wazazi shuleni huwa hakiishi mapema. Mwalimu mkuu anasoma taarifa ya michango ya chakula, mwenyekiti wa kamati anaongezea, na benchi la mbao halina mahali pa kuegemea. Chukulia kwamba kwenye benchi hilo, katika kata ya Dindira huko milimani Korogwe, yumo baba wa miaka 38 ambaye mguu wake wa kulia hautulii. Goti linapanda na kushuka mpaka benchi zima linatikisika. Mkewe anamgusa kwa kiwiko na kumnong'oneza: "Baba watoto, tulia bwana, watu wanatutazama."

Anatulia. Anaushika mguu kwa mkono, anamkazia macho mwalimu, na kuanzia hapo hasikii tena kinachosemwa, kwa sababu akili yote imehamia kwenye kuuzuia mguu. Wakifika nyumbani mke anauliza mchango ni shilingi ngapi na mwisho wa kulipa ni lini. Hajui. Ugomvi unaanzia hapo, na watoto wanausikia.

Kwa watu wazima wengi wenye ADHD, maisha ndivyo yalivyo. ADHD ni hali ya ubongo inayoathiri umakini, utulivu na uwezo wa mtu kujizuia. Huanza utotoni, na wengi hukua nayo hadi utu uzima. Mtoto aliyekuwa akirukaruka darasani akishakua harukiruki tena, lakini kule kutotulia huhamia kwenye vitendo vidogo vya kurudiarudia: kutikisa mguu, kung'ata kucha, kubonyezabonyeza kalamu, kusokota nywele, kuvua na kuvaa pete, kuzunguka uani kila anapoongea na simu.

Kila mtu hufanya hayo kwa kiasi fulani, na kutikisa mguu peke yake hakumpi mtu ADHD. Wataalamu huangalia mengine mengi: kama dalili zilikuwepo kabla ya umri wa miaka 12, kama zinaonekana nyumbani na kazini pia, na kama zinaharibu kazi au mahusiano. Mwenye hali hiyo husahau miadi, huacha kazi nusu, hupoteza funguo na huingilia maneno ya wenzake.

Kwa nini basi mwili haukai? Maelezo ambayo watafiti wengi wanayakubali ni kwamba ubongo wa namna hii husinzia upesi mbele ya jambo refu lisilochangamsha, na mwendo mdogo wa mwili huuamsha. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, waliwafunga watoto na vijana wenye ADHD kifaa cha kupima mwendo mguuni, kisha wakawapa zoezi la kompyuta linalohitaji umakini. Walipojibu sawasawa, ndipo walipokuwa wakijitikisa kwa nguvu zaidi. Hao walikuwa wadogo, lakini hata watu wazima wa kawaida wana mfano wao. Mwanasaikolojia Jackie Andrade wa Uingereza aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu unaochosha. Waliokuwa wakipaka rangi vimaumbo kwenye karatasi huku wakisikiliza walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao.

Tatizo letu ni kwamba tumelelewa kuamini utulivu ndiyo adabu. Mtoto wa kike ndiye anayebanwa zaidi, naye hujifunza kuficha: hung'ata ndani ya shavu, huchuna ngozi ya vidole chini ya kanga. Akiwa mama wa watoto watatu hakuna anayejua, na mwenyewe anajiona mzembe tu.

Ajabu ni kwamba tunakubali vizuri mikono isiyotulia pale kinapotoka kitu. Mama anayefuma kitambaa huku akisikiliza mazungumzo hakuna anayemwambia aache. Katika wilaya hiyohiyo ya Korogwe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi imekuwa ikitumia kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya tiba. ADHD si kichaa, na kumtajia mwenye nayo Lutindi au Mirembe kwa mzaha kunamfanya asifike kwa daktari kabisa. Ila thamani ya mikono yenye kazi inajulikana milimani humo.

Yapo ya kuangalia kwa makini. Ngozi inayotoka damu, kucha zilizoota usaha au nywele zinazong'olewa hadi kuacha upara zinahitaji matibabu. Miguu iliyoanza kukosa utulivu ghafla baada ya mtu kupewa dawa za ugonjwa wa akili huenda ni athari ya dawa, hivyo arudi kliniki upesi bila kuziacha mwenyewe. Upungufu wa madini ya chuma, wasiwasi mkubwa, tezi ya shingo na mirungi navyo huleta hali inayofanana. Chai ya rangi ya usiku, hata iwe ya mashamba ya jirani, humwondolea usingizi mtu ambaye tayari anaupata kwa shida. Anayehisi ana ADHD aanzie kituo cha afya aombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Dawa zipo, na mazoezi ya kupanga siku husaidia.

Kwa wengine wote inatosha kubadilisha kitendo: kijiwe laini mfukoni badala ya kucha, kusimama nyuma ya ukumbi badala ya benchini, kuandika kila kinachotajwa. Mke anaweza kuuliza jambo moja tu: "Ukitikisa mguu unasikia vizuri zaidi?" Jibu huwashangaza wote wawili.

ADHD hurithiwa sana katika familia. Katika nyumba ya baba yule huenda yupo binti wa darasa la tatu anayegongagonga dawati kwa rula na kuchapwa kwa sababu hiyo. Baba anajua binti anachosikia anapoambiwa atulie. Akienda shuleni kuomba, mwalimu anaweza kumpa mtoto kazi ya kufuta ubao au kugawa madaftari, na dawati lake likasogezwa ukutani, mahali ambapo mguu hautamtikisa mwenzake anayeandika.