Jina la Uvivu

Siku moja adhuhuri, nilipokuwa mwanafunzi Malindi, nilimwongoza mgeni kutoka Ulaya kwenda kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Njiani tulimkuta mjomba wangu amelala chini ya mwembe. Mgeni akatabasamu, akasema, "Watu wa pwani ni wavivu." Nami, kwa kutaka kumpendeza, nikacheka.

Kicheko kile chaniuma hata leo. Mjomba alikuwa amerudi kutoka baharini alfajiri. Usiku kucha alivuta nyavu, na bei ya samaki wake ndiyo iliyonilipia ada ya shule.

Baadaye nilisoma nikajua kuwa neno lile ni la zamani. Kabla ya 1914 Wagiriama walilima mahindi kaskazini ya mto Sabaki, wakayauza. Serikali ya Waingereza ilitaka vibarua wa mashamba ya walowezi; Wagiriama hawakwenda, kwa kuwa jembe lao liliwatosha. Wakaitwa wavivu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza wakatae, naye akakamatwa akahamishwa mbali. Kumbe aliyeitwa mvivu ni yule aliyekuwa na kazi yake mwenyewe!

Lakini nisimlaumu mgeni peke yake. Sisi nasi husema kila Mzungu ni tajiri, tukampandishia bei ya dafu. Jicho humwona mtu aliyelala. Haliuoni usiku wake. Ndugu msomaji, kabla hujampa mwenzio jina, muulize kwanza ameamkaje na ametoka wapi.