Wa Mwisho Mezani

Kwa miaka minne nilihakikisha kwamba mimi ndiye wa mwisho kupiga magoti madhabahuni. Usharika wetu wa Kilutheri hapa Bukoba ulikuwa ukitumia kikombe kimoja cha pamoja. Watu walipoanza kusogea mbele kwa Meza ya Bwana, nilijifanya naokota kitabu changu cha Tumwabudu Mungu Wetu chini ya benchi, au namfunga mtoto wa jirani kamba za viatu. Nilingoja kundi la mwisho, na ndani ya kundi hilo nikakaa mwishoni, ili midomo yangu ikishagusa kikombe pasiwe na wa kunywa baada yangu ila mchungaji, ambaye humalizia divai iliyobaki. Hata kwa huyo, roho iliniuma.

Si kwamba sikuelezwa. Muuguzi aliyenipima mwaka 2006 aliniambia taratibu kabisa kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa mate, wala kikombe, wala sahani. Niliitikia kwa kichwa. Jumapili iliyofuata nikawa wa mwisho tena.

Mimi ni mtoto wa Muleba. Sisi tuliokulia Kagera miaka ya 1980 hatukuusikia ugonjwa huu redioni, tuliukuta nyumbani. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoani kwetu. Kabla haujazoeleka kwa jina la hospitali, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Nakumbuka migomba iliyokosa wa kuipalilia, na nyumba zenye bibi na wajukuu tu, kizazi cha katikati kimeondoka chote. Nakumbuka pia vikombe. Mgonjwa alitengewa cha kwake, cha bati, kikaning'inizwa kwenye msumari nje ya jiko, naye akishafariki kilitupwa shimoni. Shangazi yangu alikuwa nacho. Siku nilipopewa majibu yangu sikuwaza jeneza. Niliwaza kile kikombe cha bati.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Alifariki mwaka 2005, tukaambiwa ni homa ya mapafu, na ukoo mzima ukashukuru kupata neno la kusema. Nami nilipoanza dawa mwaka 2007 nililishikilia neno hilohilo. Mimi ni mama lishe, nina kibanda karibu na stendi. Asubuhi napika chai na maandazi, mchana ndizi na maharage, wali, na sato akipatikana kwa bei nzuri. Mteja akisikia kwamba mpishi kakanyaga waya, sufuria litarudi nyumbani limejaa. Watoto wangu wawili walikuwa wanakula na kusoma kwa sufuria lile.

Basi nikawa fundi wa kujificha. Nilichagua kliniki ya wilaya nyingine, na nauli ya kwenda na kurudi ikawa inakula faida ya siku tatu. Dawa za wakati ule tulimeza mara mbili, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na saa moja asubuhi ndiyo saa ya chai, kibanda kimejaa. Vidonge vikiwa ndani ya kopo hulia kama kayamba ukitembea. Kwa hiyo nilivimwaga kwenye kitambaa, nikavifunga kwenye pindo la khanga, kopo nikalichoma. Kwenye kadi, mahali pa jina la msaidizi wa tiba, niliandikisha jina la marehemu mume wangu na namba ya simu iliyokwisha kuzimwa. Tarehe 14 Julai 2007, Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani, tukatazama kwenye televisheni ya duka la jirani. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, vidonge vikiwa pindoni.

Asiyejua atadhani kujificha ni kazi ya mdomo tu, kunyamaza. Kumbe unalipia kwa dozi. Ukilala msibani na wanawake ishirini kwenye mkeka mmoja, utameza saa ngapi? Ukisafiri kwenda harusini na mawifi, pochi moja, chumba kimoja, utajibu nini wakikuuliza unameza nini? Dozi moja harusini, mbili msibani, mwezi ukiisha umekosa wiki nzima.

Mwaka 2010 alikuja mhubiri mgeni, si wa kwetu, akafanya mkutano uwanjani usiku saba. Usiku wa mwisho alisema anayemwamini Mungu hawezi kuamini na vidonge. Niliporudi nyumbani nilikwenda chooni nikavimwaga vyote. Nimejichunguza sana tangu siku ile, na leo naweza kusema kweli: sikuzitupa dawa kwa sababu ya imani. Nilizitupa kwa sababu kuna mtu alinipa ruhusa ya kuacha kujificha. Usiku ule nililala bila kuhesabu saa. Utulivu ule nikauita uponyaji.

Baada ya miezi minane nilikuwa wodini. Kifua kikuu, kinga ya mwili (CD4) imeshuka hadi 41, na mkono hauna nguvu ya kuvuta neti ifunike kitanda.

Hapo ndipo alipokuja mchungaji wetu. Ni mwanamke. Kanisa letu lilianza kubariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini miaka ishirini baadaye walikuwapo bado wazee waliomwita "dada" pale ambapo mwenzake mwanamume angeitwa "baba mchungaji". Tangu afike alikuwa amemleta muuguzi kufundisha vijana wa kipaimara kuhusu miili yao, na kila aliyekuja kuongea naye faragha alisikilizwa bila kupewa toba kwanza. Mjini walituita "kanisa la kisasa". Waliosema hivyo hawakuwa wanatusifu.

Aliketi kitandani, si kwenye kiti. Hakuuliza naumwa nini. Nikaanza kuleta ile homa ya mapafu ya ukoo wetu, naye akanishika mkono.

"Dada yangu, unadhani sikuona kwamba unakuja mwisho kila mara? Nilijua una jambo, sikujua ni lipi. Lakini miaka minne ni mimi ninayekunywa baada yako."

Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamwita nesi.

Siku ile alinisimulia habari za Kanoni Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana wa ng'ambo ya mpaka wetu, Uganda. Alimzika mkewe mwaka 1991, mwaka uliofuata akapima na kukutwa na virusi, akalitangazia kanisa lake badala ya kuficha. Mwaka 2003 yeye na wenzake walianzisha mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na virusi au walioguswa navyo. Kasisi mwenye joho, anayeshika kikombe kwa mikono yake! Sikuwahi kuwaza kwamba mtu kama mimi anaweza kusimama upande ule wa madhabahu.

"Kwetu hatuombi badala ya dawa," mchungaji aliniambia. "Tunaomba, halafu tunameza. Siri ni yako, sitakulazimisha kuitoa. Ila kwenye kadi yako niandikishe mimi."

Nilihamishia kliniki hapa mjini. Jioni saa moja simu yangu ililia kila siku kwa miezi mitatu. Hakuwa na maneno mengi: "Umemeza?" "Nimemeza, Mchungaji." "Usiku mwema."

Jumapili ya kwanza ya Desemba 2011, katika kumbukumbu ya Siku ya UKIMWI Duniani, nilisimama mbele. Nilisalimu Bwana Yesu asifiwe, wakaitikia Ameni. Nikasema nina virusi, tangu lini, na kwa nini nilikuwa wa mwisho mezani. Hazikupita dakika tatu. Magoti yalinitetemeka tangu salamu mpaka nilipoketi, na ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo hofu iliniacha. Haikuniacha. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia bati la paa likialika kwa jua.

Wiki ile wateja wangu wa chai walipungua hadi wakabaki makondakta watatu. Barazani nako mzee mmoja wa kanisa alitoa hoja kwamba kikombe cha pamoja kiondolewe, viletwe vikombe vidogo. Akaongeza kwamba mchungaji ameleta hospitali madhabahuni. Mchungaji akamjibu, "Sikuileta mimi, mzee wangu. Isome Injili, utaikuta humo." Kisha hakupigisha kura wala hakumfokea mtu. Alimwita muuguzi baada ya ibada, milango ikawa wazi, kila mwenye swali aulize. Tulikaa saa mbili. Waliuliza kuhusu mbu, jasho, wembe, kisu cha jikoni kikimkata mpishi. Niliketi pale nikijadiliwa, uso ukiniwaka, lakini nilijua kwamba maswali yale yalikuwa yanaulizwa miaka yote pembeni, nikiwa sipo. Ikaamuliwa anayetaka kikombe kidogo atapewa, na kile kikubwa kitabaki.

Jumapili iliyofuata nilitoka kwenye benchi pamoja na kundi la pili. Nilipiga magoti katikati ya watu, na nafasi ya kulia kwangu ikabaki tupu. Akaja kuijaza bibi mmoja aliyezika watoto wanne enzi za Juliana na kulea wajukuu saba. Mchungaji alipofika na kikombe kikubwa, nikanywa, na bibi akanywa palepale nilipotoa mdomo. Akafuta midomo kwa pembe ya khanga, akanigusa begani, tukainuka. Nje nilimshukuru. Akashangaa: "Unanishukuru nini, mwanangu? Kwani divai ni yako?"

Jambo ambalo sitalisahau, hata hivyo, alilifanya yule mzee wa vikombe vidogo. Alikuja kibandani kwangu siku ya mvua, hakuna mteja, akasimama mlangoni kofia mkononi. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenisimamia mazishi ya mume wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Dada yangu tulimtengea kikombe msumarini. Alikuwa akiomba anywe na sisi. Sasa wewe ukituambia haikuwa lazima, mimi nitamwambia nini marehemu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa chuki, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Siku ile nilielewa kwamba walionitenga hawakuwa wakiogopa mate yangu peke yake. Karibu kila nyumba ya mkoa huu ina kikombe chake cha bati shimoni. Kunikubali mimi ilikuwa kukifukua, na kukiri kwamba tuliowapenda walikufa wakiwa na kiu ya kukaa na sisi, na kwamba tungeweza kukaa nao. Mimi nilihitaji ujasiri wa kusema jambo moja kuhusu damu yangu. Yeye alihitaji ujasiri wa kulitazama kaburi la dada yake. Wa kwake ulikuwa mgumu kuliko wangu.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba na sisi tulimfanyia shangazi vivyo hivyo. Nikammiminia chai. Akaitazama kwa muda, akaketi, akainywa, akadai na andazi.

Septemba 2012 ilipokaribia Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, Umoja wa Wanawake walinipa kazi ya kupika pilau ya watoto wote wa usharika. Mtu mzima akila kwangu, ni mwili wake, hiari yake. Lakini kumpa mwanao sahani iliyotoka mkononi mwangu? Usiku wa kuamkia sikukuu sikulala. Nilikata vitunguu kwa mwendo wa konokono, nikiogopa kisu kuliko nilivyowahi kuogopa mahubiri.

Sufuria mbili kubwa zilipofunuliwa, watoto walijipanga na sahani zao, wazazi wamesimama kando. Kwa dakika moja hivi hakuna aliyesogea. Kisha yule mzee akaja akimshika mkono mjukuu wake wa miaka mitano. "Mpakulie," aliniambia, "na usimbanie nyama." Walipofuata wengine sikuhesabu. Najua tu kwamba nilirudi nyumbani na ukoko.

Wapo walioondoka usharikani wasirudi, na wapo wateja niliowapoteza moja kwa moja. Lakini leo nameza kidonge kimoja kwa siku, kile chenye dolutegravir, kopo limekaa kabatini karibu na chumvi na linalia linavyotaka. Kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha kwamba havionekani, na daktari ameniambia wazi kwamba nikiendelea hivi simwambukizi mwenza. Nazunguka kwenye jumuiya kuwaambia walioanza dawa jambo nililojifunza kwa gharama: ukimpata mtu mmoja wa kukuuliza "umemeza?", umeshapata nusu ya tiba.

Mwaka jana, siku ya Chakula cha Bwana, kijana mmoja mgeni aliinama chini ya benchi akitafuta kitabu. Kundi la kwanza likaenda, la pili likaenda, bado anatafuta. Kitabu nilikiona, kilikuwa mapajani mwake.

Sikumwuliza neno. Nilibaki kwenye benchi langu mpaka alipoinuka, wa mwisho, macho chini. Nikainuka nyuma yake, nikapiga magoti kulia kwake, nikangoja zamu yangu.