Jumatano za jirani yangu na swali la baba mdogo

Hapa Parkdale, upande wa magharibi wa Toronto, ukishuka tramu Queen Street siku ya Jumatano utakutana na akina mama waliovaa magauni marefu yaliyofungwa kiunoni, na mbele aproni ya milia ya rangi nyingi. Ni Watibeti. Ni wengi kiasi kwamba mtaa wenyewe unaitwa Little Tibet, na mwaka 2018 jimbo hili la uchaguzi lilimpeleka Bhutila Karpoche kwenye bunge la Ontario, Mtibeti wa kwanza kuchaguliwa Amerika ya Kaskazini. Jirani yangu ni mmoja wa akina mama hao. Siku nyingine anavaa sare ya kazi kama mimi, maana wote tunahudumia wazee. Jumatano, akiwa hana zamu, anavaa gauni lake, anaongea na watoto Kitibeti tu, anakula chakula cha kwao, na kama kuna hela ya kutumia anaipeleka kwa mwenye duka Mtibeti. Wanaiita Lhakar, Jumatano Nyeupe. Ilianzia huko huko Tibet, baada ya maandamano ya 2008 dhidi ya utawala wa China kuzimwa kwa nguvu. Barabarani hawakuweza tena kusimama, basi msimamo wao wakauhamishia mezani, mdomoni na mfukoni. Jumatano walichagua kwa kuwa wanaihesabu kuwa siku ya Dalai Lama, kiongozi wao mkuu wa dini.

Nimeipenda, sifichi. Juzi tuliingia dukani pamoja kutafuta sufuria. Mimi mtu wa mpakani mwa Tanzania nikaigonga kitako kwa kucha, nisikie uzito wa bati. Yeye akaigeuza, akasogeza miwani, akasoma maandishi madogo yaliyobandikwa chini, kwamba imetengenezwa China, kisha akairudisha rafuni taratibu na mfuniko akaupanga sawasawa. Hakumhutubia mtu. Tukazunguka maduka mengine mpaka tukapata iliyotengenezwa India, bei karibu mara mbili, akalipa. Mshahara wake naujua, kwa sababu ni sawa na wangu.

Nikaisimulia habari hiyo kwenye kundi la familia. Ungedhani nimetukana kaburi. Baba mdogo, mwenye duka Tunduma, akatuma ujumbe wa sauti mrefu. Kwanza akasema ukikataa cha Mchina Tunduma utatembea uchi, kwa miguu, na gizani. Hapo yuko sahihi. Kisha akaingia kwenye TAZARA, reli tuliyojengewa na Wachina, na kunikumbusha fadhila za punda. Nikamsikiliza kwa heshima zote. Halafu akamalizia: "Mwanangu, ya Tibet yanatuhusu nini sisi?" Binamu zangu wakajaza dole gumba kuanzia kwetu Mbebe hadi Vwawa. Hilo swali ndilo limenikera, na tangu siku hiyo linanizunguka kichwani nikiwa kazini.

Nianze na mwenye duka mwenzake baba mdogo. Tashi Wangchuk alikuwa mfanyabiashara mdogo wa Yushu, Mtibeti. Alichotaka ni kwamba watoto wa kwao wafundishwe vizuri Kitibeti shuleni, jambo ambalo katiba ya China yenyewe inaliruhusu. Mwaka 2015 akalisema mbele ya kamera ya New York Times, jina lake na sura yake vikiwa wazi. Mwanzoni mwa 2016 akakamatwa. Mei 2018 akahukumiwa miaka 5 kwa kosa la kuchochea utengano, akatoka Januari 2021. Hakurusha jiwe, hakuchoma kitu. Aliomba somo.

Yuko pia mtoto. Gedhun Choekyi Nyima alikuwa na miaka 6 Mei 1995, Dalai Lama alipomtangaza kuwa ndiye Panchen Lama, mmoja wa viongozi wakubwa kabisa wa dini yao. Siku chache tu baadaye serikali ya China ikamchukua, yeye na wazazi wake, na hajaonekana hadharani mpaka leo. Serikali ikateua mtoto mwingine. Jirani yangu ana picha ya yule wa kwanza ukutani, picha ya mtoto wa miaka 6, kwa sababu nyingine hakuna. Na Februari 2023 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao juu ya watoto wa Kitibeti wapatao milioni 1 waliomo katika shule za bweni za serikali, mbali na wazazi, wakifundishwa kwa Kichina.

Najua binamu yangu mwalimu atasema nini: hata sisi tulisomeshwa kwa Kiswahili, lugha ya bibi ikabaki jikoni. Ni hoja ya kweli, na inastahili siku yake. Ila kwetu ukimwambia afisa elimu kwamba ungependa mtoto ajue lugha ya bibi yake, atakucheka au atakusifu. Hakuna atakayekufunga miaka 5.

Sasa turudi kwenye swali la kutuhusu. Dalai Lama alitoroka Lhasa Machi 1959, akavuka milima hadi India. Mwaka ule ule, tarehe 26 Juni, Mwalimu Julius Nyerere alisimama Holborn Hall, London, pamoja na Padri Trevor Huddleston, yule aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi mwaka uliofuata. Mkutano ule ndio uliozaa harakati za Waingereza za kususia bidhaa za Afrika Kusini. Mwalimu aliwaambia hawaombi jambo kubwa: waache tu kununua vya makaburu, wasiulipie ubaguzi kwa fedha zao. Alikuwa anaongea na watu gani? Akina mama wa Kiingereza waliokwenda sokoni kununua machungwa na matofaa. Mama yule angeweza kabisa kujibu, "Ya Johannesburg yananihusu nini mimi?" Wengi walijibu hivyo. Waliokataa kujibu hivyo ndio waliotengeneza harakati iliyodumu miaka zaidi ya 30.

Na Tanganyika haikuishia kuomba wengine. Mwaka 1961, kabla hata ya uhuru, Mwalimu aliandika kwamba hatutaingia Jumuiya ya Madola kama makaburu wamo, na mwaka huo huo Afrika Kusini ikatoka. Desemba 1965 tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuuzima uasi wa walowezi Wazungu wa Rhodesia, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Nchi iliyokuwa na lami ya kuhesabika! Kwa hiyo mtu wa nchi ile akiniambia kwamba mateso ya watu wa mbali si shughuli yetu, nashindwa kuelewa amelelewa wapi, ilhali najua kabisa tumelelewa nyumba moja.

TAZARA, basi. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye reli ile ilipofika Tunduma, na mshahara wake wa kwanza ulinunua baiskeli iliyobeba wagonjwa wa Mbebe nzima hadi ilipooza kwa kutu. Kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo usio na riba, wakati Wamagharibi walikwisha kusema reli hiyo haina faida. Wachina waliofia kazi hiyo wamelazwa Gongo la Mboto. Shukrani yangu kwao haina mjadala. Lakini namshukuru yule fundi aliyelala kwenye hema pamoja na babu, na sioni ni kwa vipi shukrani hiyo inanitaka ninyamaze mwenye duka wa Yushu akifungwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa rafiki wa Beijing. Alikuwa pia mtu aliyeweza kuvunja urafiki na London. Mkopo alipokea, mdomo hakuuweka rehani.

Tofauti kubwa ninayoiona kati ya huku na kwetu ni swali analouliza mnunuzi. Huku lebo inasema, na watu wanazidi kuisoma. Tangu Januari 1, 2024 Canada ina sheria inayozitaka kampuni kubwa zitoe taarifa kila mwaka, zieleze zinafanya nini ili bidhaa zao zisitokane na kazi ya kulazimishwa wala ya watoto. Mwanzoni mwa mwaka huo huo ikajulikana kwamba Thermo Fisher, kampuni ya Marekani, imeacha kuuza Tibet vifaa vyake vya kupimia vinasaba, baada ya kelele za muda mrefu kwamba polisi wanavitumia kwa wananchi. Kelele hizo zilipigwa na watu wa kawaida, wakiwamo wanahisa.

Kwetu swali ni moja: orijino au feki? Tunduma unaishika simu, Tecno au Itel, unaifungua nyuma, unamwangalia muuzaji machoni. Orijino hii, mama. Pikipiki ya SanLG, chupa ya chai yenye maua, beseni, taa ya sola, yote tunayapima kwa swali hilo hilo, kama kitu kitadumu. Aliyekitengeneza hayumo kwenye mazungumzo. Na silaumu. Shangazi yangu Mbebe ana taa ya sola ya Kichina, wajukuu wanasomea hapo jioni. Siwezi kumwambia arudi kwenye kibatari kwa ajili ya mtawa wa Lhasa, na jirani yangu alishangaa nilipomuuliza kama angemwambia hivyo. Simu yake yeye imetengenezwa China. Alinijibu kwamba anakataa pale anapoweza, na pale asipoweza anajua anachokifanya.

Hicho ndicho ninachokitafuta nyumbani. Na msiniambie kususia hatukujui. Aprili 2025, Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alipozuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa kuwa wao walikuwa wamezuia ya kwetu, marufuku ilidumu siku chache tu kabla ya kuondolewa. Lakini kundi la familia lilikuwa la moto. Kwetu Ileje, ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, na watu walijua kwa undani nani kazuia ndizi, nani kazuia mchele, na dawa yake ni nini. Baba mdogo huyo huyo alituma hotuba kuhusu heshima ya taifa. Kumbe tunajua vizuri kwamba kununua ni kura. Tunaikumbuka ndizi zinapokuwa zetu.

Baba mdogo, shikamoo. Sikuombi uondoe sufuria dukani, una ada za shule za kulipa. Lakini wale mabosi wa Kariakoo unaochukua mzigo kwao wanakwenda Guangzhou na Yiwu, wanakula na wenye viwanda meza moja. Waulize mzigo unatoka jimbo gani, na nani anaufanyia kazi. Ukiwauliza wewe, na Mama wa nguo jirani yako akauliza, watarudi na jibu hata kama ni la uongo, na safari inayofuata watauliza wenyewe. Mimi kwa upande wangu nimemwandikia mbunge wangu wa huku, kumuuliza ni kampuni ngapi zilizotoa taarifa chini ya sheria ile zimeitaja Tibet. Jina la yule mtoto wa 1995 nimeliandika kwa ukamilifu, kwenye aya ya kwanza ya barua hiyo. Jirani yangu ndiye aliyenihakikishia herufi zake.